Kalipa Nyekundu

Tajiri hakushuka kwenye gari lake. Alishusha kioo kiasi cha kupitisha mkono, na mkono ukatoka na kopo la rangi, vile mtu anavyompa mbwa mfupa huku akichunga vidole vyake.

"Nyekundu," alisema. "Ya kuhimili moto. Unachanganya na hii dawa yake ya kukaushia, ikishakauka haitoki hata kwa thina. Nimeinunua mwenyewe, maana nyinyi mkitumwa kopo moja mnanunua na la kwenu."

Fundi Rangi alilipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Kibarazani, mama mkwe wake alikuwa akikaanga samaki wa kuuza. Ndani, mke wake alikuwa akipiga pasi sare ya kazi. Wote wawili walilisikia lile la "na la kwenu". Pasi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Fundi Rangi hakuwahi kumwibia Tajiri hata tone katika miaka saba, na Tajiri alijua hivyo, ndiyo maana alimwachia kopo zima. Lakini matajiri wengine hawawezi kukupa kazi mpaka kwanza wakutukane, kama watu wasioweza kula bila kunawa.

Mbele ya nyumba, pua ikiwa juu ya jeki na vigogo viwili, lilisimama gari dogo la abiria, jeupe. Kila siku ya kazi lilibeba wanawake kumi na wanane, katika viti kumi na vinne, kutoka mtaa ule hadi kiwanda cha nguo ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Mke wa Fundi Rangi alikuwa mmoja wao. Ubavuni liliandikwa SAFARI SALAMA, herufi za bluu zenye kivuli cheusi, kila moja imesimama kama askari wa gwaride. Kazi ya mkono wa Fundi Rangi.

"Kalipa zote mbili za mbele," Tajiri alisema.

Kalipa ni lile dubwana la chuma linalokaa nyuma ya rimu na kuibana diski dereva akikanyaga breki. Abiria hana habari nayo. Mkaguzi wa magari anayo, kwa sababu akichungulia katikati ya rimu, ndiyo inayomtazama.

"Mkaguzi akiona kutu anaanza maswali. Akiona nyekundu anasema huyu mwenye gari analipenda gari lake. Nitamleta mwenyewe Jumatatu saa kumi na mbili na nusu, hapahapa, kabla hao mama zako hawajapanda."

"Si lipelekwe kule kituoni kwao, tajiri? Wana ile mashine ya kupima..."

"Nimekuuliza habari ya mashine?"

"La, tajiri."

"Wewe ni fundi gani?"

"Wa rangi."

"Basi paka rangi. Ukishavua tairi, usiguse nati nyingine."

Kisha akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati, akaipitisha mbele ya kioo kama anayemwonyesha mtoto peremende. "Ajira ya kudumu. Jina lako limo, muhuri umo. Jumatatu gari likipita, bahasha ni yako. Likikwama, nitaandika jina jingine." Akairudisha mfukoni na kuipigapiga pale kifuani. Kioo kikapanda.

Kwa nini kazi ya karakana ifanyike nyumbani kwa mtu? Kwa sababu karakanani kuna mafundi breki wawili, na fundi breki akiona tairi limevuliwa hawezi kujizuia kutia mkono. Tajiri hakutaka mkono. Alitaka brashi.

*

Fundi Rangi alifanya kazi ile kama alivyofanya zote, yaani kana kwamba itapelekwa maonyesho. Alikwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka meno yakafa ganzi. Akapiga msasa. Akasafisha kwa thina, kitambaa kimoja hadi kingine, mpaka kitambaa cha mwisho kikatoka cheupe. Akaifunika diski kwa magazeti na kuzungushia utepe, ili rangi isiguse pale breki inapokamata. Kisha akapaka, mkono wa kwanza, mwembamba.

Alikuwa na msemo wake anaopenda kuutamba mbele ya vijana wa karakana: "Rangi yangu haijavimba tangu nizaliwe." Na kweli. Mtu maskini huwa na kitu kimoja anachokishika hivyo, na ole wake atakayekigusa.

Saa kumi na moja alirudi kuangalia. Kalipa ya kulia ilikuwa laini kama ganda la yai. Ya kushoto, upande wa chini, ilikuwa imekunjamana, imejaa mapovu, na rangi ikining'inia kama utando wa maziwa.

Akasimama. Akatazama huku na huku, kama mtu aliyeibiwa sokoni. Macho yakaishia kwenye karai la mama mkwe.

"Mama, samahani. Naomba uzime hilo jiko."

"Nizime? Samaki wako kwenye mafuta, baba."

"Moshi wa mafuta ndio unaokaa kwenye rangi. Njoo uone. Imekunjamana kama uso wa..." Akajizuia.

"Malizia," alisema mama mkwe. "Kama uso wa nani?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri samaki walicheka. Fundi Rangi hakucheka. "Mama, hii si kazi ya mchezo. Hii ndiyo barua yangu ya ajira inayovimba hapa."

Mwanamke yule alikuwa na miaka sitini na minne. Alikuwa akiishi kwa binti yake na mkwewe, na kila siku alihakikisha hali bure: mafuta ya taa yake, sabuni yake, na mara nyingine kilo ya mchele ya nyumba nzima, vilitoka kwenye karai lile. Mkwewe hakuwahi kumpandishia sauti. Sasa alikuwa ameipandisha mbele ya wateja. Mama mkwe akawarudishia wateja pesa zao, akaopoa samaki waliokuwa hawajaiva, akamwagia makaa maji. Yakalia chwaaa.

"Nimezima," alisema. "Na kesho?"

"Na kesho, mama. Mpaka Jumatatu."

"Na hawa samaki wabichi niliowanunua, niwafundishe kusubiri?"

Alichukua kigoda chake akaingia ndani, na usiku ule hakula. Alisema ameshiba.

*

Jumapili asubuhi, bila moshi, bila karai, kibaraza kikiwa kimefagiliwa na kumwagiwa maji vumbi litulie, Fundi Rangi alikwangua kalipa ya kushoto ikabaki chuma kitupu, akaanza upya. Msasa. Thina. Kitambaa cheupe. Rangi.

Saa sita ilikuwa imekunjamana tena. Palepale. Chini, kushoto.

Alilaumu thina, kwamba muuzaji ameichakachua. Akalaumu brashi. Akaulaumu unyevu. Mwishowe akaketi chini kwenye vumbi, mgongo kwenye tairi, akaitazama mikono yake. Hilo ndilo linaloudhi kuliko yote: chuma cha mwenye mali kimeoza, na mtu anayekaa akijiuliza amekosea wapi ni kibarua.

Mama mkwe alimwona kupitia dirishani. Hakuwa na kazi. Samaki walikuwa wameanza kunuka, na asubuhi alikuwa amewagawa kwa paka na majirani. Mikono iliyozoea kazi ikikosa kazi huwasha. Akatoka, akachuchumaa mbele ya ile kalipa bila kuomba ruhusa, akaipitishia kidole chini.

"Mama, usiguse, tafadhali..."

"Nyamaza kidogo, baba." Alikisugua kidole kwa gumba. Akanusa. Akasugua tena. "Nimekaanga miaka thelathini na moja. Ya alizeti, ya pamba, yaliyochemshwa mara kumi na kuuzwa kama mapya, nayajua yote kwa kidole. Haya si yangu."

"Mama..."

"Mafuta yangu yakikushika yanakaa. Haya yanateleza, halafu yanauma. Tena yanatoka hapa ndani." Akaonyesha pale chuma kinapoukumbatia mpira wake mdogo. Palikuwa na tone. Dogo, la rangi ya chai. Wakalitazama wote wawili likijaza, likinenepa, likianguka juu ya rangi mpya. Na pale lilipoangukia, rangi ikajikunja kama jani linaloungua.

Fundi Rangi alifungua mdomo kusema samahani. "Mama," alisema, "samaki wale..."

"Wameshaliwa na paka. Niambie hii ni nini."

Aliyewaambia ni Kaka. Kaka ndiye dereva wa gari lile, na ndiye ndugu mkubwa wa mke wa Fundi Rangi. Watu wa mtaa mzima walimwita Kaka, hata waliomzidi umri. Alikuja kula chakula cha mchana kama kila Jumapili, akainama, akatazama, na akacheka.

"Aa, hiyo? Hayo mafuta ya breki. Hakuna rangi inayoyaweza, shemeji, yanakula rangi yoyote ile. Mbona mimi nalinywesha uji gari hili kila asubuhi?"

"Uji gani?"

"Namwagia mafuta ya breki kwenye kile kichupa chake chini ya boneti. Kifuniko kimoja, viwili. Karakanani wananipimia kama dawa ya kikohozi. Siku wakininyima nanunua kwa yangu. Mchana yanakuwa yameshuka, kesho namwagia tena. Usipomwagia, pedali inakwenda mpaka sakafuni."

Alisema hivyo kama mtu anayesimulia tabia ya mbuzi wake. Hakuona kwamba dada yake alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi.

"Kaka," alisema dada. "Tangu lini?"

"Nini?"

"Huo uji. Tangu lini?"

Kicheko kikamwisha. "Tangu... kabla ya mvua zile. Nimemwambia tajiri mara tatu, dada. Haki ya Mungu, mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza mimi ni dereva au ni fundi. Akasema madereva wako wengi, wamejaa pale nje ya geti wanaota jua."

"Na mimi nakaa wapi kwenye gari lako?"

Kaka akainama tena kuitazama kalipa.

"Nijibu. Nakaa wapi?"

"Nyuma yangu."

"Nyuma yako. Kila siku naangalia kisogo chako tunaposhuka mteremko wa machimbo. Nasema moyoni, hapa nimekaa na ndugu yangu, sina wasiwasi." Akaiweka sahani chini taratibu, kwa kuwa sahani zilikuwa nne tu. "Kumbe ndugu yangu ananiendesha kwa vifuniko vya chupa."

*

Miaka saba nyuma, gari jingine la Tajiri huyuhuyu, jeupe hivihivi, lilishuka mteremko wa machimbo na halikusimama kwenye kona. Wanawake kumi na mmoja walikufa. Taarifa iliyosomwa ilisema ni mwendo kasi na uzembe wa dereva. Dereva hakubisha, alikuwa wa kumi na mbili. Mjane wake alipokwenda kuomba msaada wa jeneza, aliambiwa marehemu ndiye anayedaiwa, maana ameharibu gari. Bima ikalipa. Tajiri akanunua gari jipya, na kibarua mpya wa rangi akaambiwa aandike ubavuni maneno ya kuwatuliza watu. Yule kibarua akaandika kwa moyo wote, kwa bluu na kivuli cheusi.

Yapo mambo ambayo watu huambiwa wayaache yapite. Anayewaambia ni yule ambaye hayakumpitia.

Mke wa Fundi Rangi aliajiriwa kiwandani wiki mbili baada ya ajali ile. Nafasi zilikuwa kumi na moja. Cherehani aliyopewa ilikuwa bado na uzi wa mwenzake sindanoni, na kipande cha mkono wa shati kilichoshonwa nusu. Aliambiwa amalizie.

*

Chakula kilipoa bila kuliwa. Walikaa kibarazani wanne, na gari mbele yao pua juu.

Fundi Rangi ndiye aliyesema kwanza, na alichosema kitamwaibisha mpaka anaingia kaburini, lakini alikisema, na wangapi kati yetu hawajasema cha namna hiyo? "Nikilifuta lile tone vizuri," alisema, macho chini, "nikapaka kesho saa kumi na moja alfajiri, mpaka mkaguzi afike litakuwa halijatoka. Linachukua saa mbili kutoka."

Wote watatu wakamgeukia.

"Mnaniangalia nini? Miaka saba mimi kibarua! Nikiugua siku moja, siku hiyo sina. Mvua ikinyesha, sina. Mtoto wetu alipolazwa niliomba ruhusa kwenye dirisha la ofisi, nimesimama juani kama mkosaji, nikaambiwa kibarua hana ruhusa, ana kuja au kutokuja. Ile bahasha nimeiona kwa macho yangu. Jina langu limo!"

"Limo," alisema mke wake. "Sasa sikiliza, baba watoto. Kiti changu ni cha kwanza nyuma ya dereva, upande wa dirisha. Kina chuma kimetokeza, weka kitenge. Kesho kaa wewe. Mimi nitabaki hapa kuisubiri bahasha."

Mama mkwe akatazama pembeni. Kaka akakwaruza kidevu. Tone likaanguka kutoka kalipa ya kushoto. Walilisikia, au walidhani walilisikia.

Fundi Rangi akainuka, akachukua kopo, akalitikisa karibu na sikio. Lilikuwa na zaidi ya nusu.

"Mwenyewe kasema ikikauka haitoki hata kwa thina," alisema, kama anayejisemea.

Akaingia ndani, akatoka na chaki, rula ndefu ya mbao na brashi zake nyembamba, zile anazozifunga kwenye kitambaa na ambazo mtoto haruhusiwi hata kuzitazama. Akazunguka hadi ubavu wa gari. Chini ya SAFARI SALAMA palikuwa na nafasi nyeupe, pana, safi. Akapima. Akapiga mstari wa chaki juu, mstari wa chini. Akaanza kuchora: GARI HILI LINA HITILAFU.

"Hitilafu ndiyo nini?" aliuliza mke wake, aliyekuwa amemfuata.

"Ubovu."

"Hilo ni neno la ofisini. Wenzangu watapanda huku wanalisoma. Andika linaloshika."

Akafuta kwa kiganja. Akafikiri. Akachora tena, herufi kubwa, umbo lilelile la zile za juu, mwinamo uleule, nafasi ileile: HALINA BREKI.

"Hapo sawa," alisema mkewe.

"Shemeji!" Kaka alikuja mbio mkono kichwani. "Shemeji, umerogwa? Nitafukuzwa mimi! Nina watoto watatu!"

"Na ukitumbukia machimboni utapandishwa cheo?" dada yake alimjibu bila kugeuka. "Yule wa kumi na mbili alikuwa na wanne. Mkubwa wao anabeba kokoto palepale baba yake alipoangukia. Unampigia honi kila asubuhi apishe."

Kaka akalegea kama tairi lililotobolewa. Alikaa kwenye ngazi. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayejifunza maneno mapya, "Basi uji wa kesho sitii."

Fundi Rangi alimalizia upande mmoja, akahamia wa pili. Jua lilikuwa bado juu. Majirani walisimama, wakasoma, wakaenda kuwaita wengine. Hakuharakisha. Kila herufi aliitia kivuli cheusi kama zile za juu, kwa sababu kazi ni kazi. Alipomaliza akarudisha matairi, akashusha jeki, akalifunika gari lote kwa turubai lisiingie vumbi. Kisha akaenda mbele ya mama mkwe, akachuchumaa.

"Mama. Washa jiko lako."

"Sina samaki."

"Nitakwenda mimi sokoni feri kununua."

"Wewe?" Alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vilivyojaa nyekundu. "Wewe utaletewa waliooza ukawapake rangi." Na hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

*

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, wanawake kumi na wanane walikuwa wamesimama mbele ya nyumba na vibeti vyao na sare zao. Walijua. Mtaa mzima ulijua. Hakuna aliyempigia Tajiri simu, jambo ambalo lingepaswa kumwonya kuhusu watu aliowafanya maadui bila hata kuwajua kwa sura.

Alishuka safari hii. Alikuwa na Mkaguzi, bwana mnene mwenye daftari kwapani na viatu asivyotaka vikanyage matope.

"Mmelifunika kabisa!" Tajiri alisema kwa furaha. "Mkaguzi, unaona? Hawa wanalilea gari kama bibi harusi. Toa turubai."

Mke wa Fundi Rangi na mwenzake mmoja walishika ncha mbili, wakavuta.

Jua lilikuwa linachomoza upande ule. SAFARI SALAMA, kwa bluu. HALINA BREKI, kwa nyekundu. Yaliandikwa vizuri mno, kana kwamba yalitoka kiwandani pamoja na gari.

Mkaguzi alisoma. Akakohoa. Akalihamisha daftari kutoka kwapa la kulia hadi la kushoto, kama mtu anayetafuta mahali pa kulificha. Alikuja akiwa ameandaliwa asione kutu. Hakuandaliwa asione herufi zenye urefu wa mkono, mbele ya mashahidi kumi na wanane.

"Nani?" Tajiri aliuliza. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, tajiri," alisema Fundi Rangi. "Uliniambia nipake rangi."

"Thina! Leteni thina!"

Fundi Rangi mwenyewe alimpa chupa na kitambaa, kwa mikono miwili, kwa adabu. Tajiri akasugua. Akasugua tena, mishipa ikamtoka shingoni. Kitambaa kilitoka cheupe. Rangi ya kuhimili moto, aliyoinunua mwenyewe. Wanawake walianza kunong'ona, na mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ongeza nguvu, bosi, utafika breki." Kicheko kikapasuka.

Na hasira ikamfanya Tajiri asahau yuko mbele ya nani. Alikuwa amekulia karakanani kabla hajawa tajiri, anajua mambo ya karakanani. "Kaka! We dereva! Fungua boneti, toa mafuta ya breki kwenye kichupa. Mafuta ya breki yanakula rangi yoyote!"

Kaka hakusogea haraka. Alifungua boneti, akazungusha kifuniko, akatazama ndani. Akamwita Mkaguzi kwa kidole. Mkaguzi, bila kutaka, akasogea, akatazama naye.

"Hayamo, tajiri," alisema Kaka.

"Hayamo vipi? Yamekwenda wapi?"

Kaka akaonyesha gurudumu la mbele, kushoto. Chini yake, kwenye vumbi, palikuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa sahani. "Yamekula rangi tangu juzi. Leo sijalinywesha uji."

Hakuna aliyecheka sasa. Wanawake walilitazama lile doa. Kila mmoja alikuwa akijitazama mwenyewe Ijumaa, mteremkoni, akisinzia au akimsema mkwe au akihesabu chenji. Mmoja akaketi chini palepale.

"Mimi," alisema Mkaguzi, "leo sikufika hapa." Akageuka, akatembea kwa vidole vya miguu kukwepa matope, akajifungia kwenye gari la Tajiri. Hivyo ndivyo alivyokagua.

Mikono ya Tajiri ilikuwa inanuka thina. Alipapasa mifukoni kutafuta kitu cha kujifutia, akakuta bahasha kifuani, akaifikicha, akajifutia kidole kimoja kimoja, akaitupa. Ilianguka karibu na doa. Fundi Rangi aliitazama. Jina lake lilikuwa limo, kweli. Wino ulikuwa umeanza kuvuja.

"Huna kazi," Tajiri alimwambia. "Na wewe dereva, huna. Na nyinyi wengine mpande au msipande, geti linafungwa saa moja na nusu. Mtaona nani atawabeba."

Kaka aliweka ufunguo juu ya boneti. Mke wa Fundi Rangi akavua viatu vyake vya kazi, akavifunga kamba, akavitupia begani.

"Ni mwendo wa saa moja na robo," aliwaambia wenzake. "Aliyevaa kisigino avue."

Wakaondoka. Mama mkwe alikuwa ameshawasha jiko. Alikimbia nyuma yao na samaki sita moto kwenye gazeti, akampa aliye karibu, akasema wagawane, ni bure, leo tu, wasizoee.

Mteremko wa machimbo waliushuka kwa miguu, wameshikana mikono kwa kuwa kokoto zinateleza. Kwenye kona, mabomba ya kingo ya barabara yaliyobomolewa na lile gari la kwanza yalikuwa bado hayajarudishwa. Kijana mmoja aliyebeba kokoto alijibanza pembeni kwa mazoea, akisubiri honi. Alipoona ni watu, alisimama wima.

Getini, msimamizi alikuwa amesimama na saa yake na kitabu cha wachelewaji.

"Dakika arobaini," alisema. "Wote mnakatwa nusu siku. Mtaa wenu una nini leo? Niandike sababu gani?"

"Andika tumefika," alisema mke wa Fundi Rangi.

"Nauliza sababu."

"Ndiyo nakwambia. Tuko kumi na wanane, tuhesabu." Alikuwa bado ana viatu begani, na miguu imejaa vumbi jeupe mpaka magotini. "Andika tumefika wote."